Folda ya Mwalimu Magdaline

Foleni ya kuchukua mizigo pale steji ya matatu ya Nyeri ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwa muuza soksi. Wakiuru alikuwa katikati yake, akigombana na kaka yake aliye Doha kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia bure.

"Seva inasema imejaa, Gatimu. Imejaa, imejaa. Sasa nifanye nini, niikande tumbo?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, na manyunyu ya asubuhi yalikuwa hayajaamua kama ni mvua au ukungu. Wakiuru alivaa koti la bluu la duka la dawa za mifugo, limefifia kwenye kola, na raba nyeupe ambazo matope ya steji yalikuwa yamezionea wivu. Nywele zake zilisukwa kurudi nyuma, nyembamba kama mistari ya daftari.

"Ati nifute? Nifute gani? Haya, nikifika nyumbani nafuta zile kubwa kubwa."

"Usifute kitu," ilisema sauti nyuma yake.

Wakiuru akageuka. Alikuwa kijana mrefu, sweta ya kijani yenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, kikoba cha bisibisi kiunoni, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri lakini hajali.

"Na wewe nani amekuweka kwa simu yangu?"

"Simu imejileta yenyewe kwa masikio yangu, dada. Lakini usifute. Seva ikijaa watu hufuta kitu ya kwanza wanaona ni kubwa, halafu wanalia mwezi mzima."

"Msikize," alisema mama mmoja mwenye gunia la vitunguu. "Huyo ako na uso ya mtu amesoma."

"Ako na uso ya mtu anapenda maneno ya watu," Wakiuru akajibu, na foleni ikacheka.

"Naitwa Kioko. Niko na kaduka ka kutengeneza laptopu, hapo juu ya duka ya viatu."

"Mkamba."

"Mkamba wa Kiganjo. Baba yangu alikuwa anafunza makuruti wa polisi. Nimekula mukimo ya Wakikuyu mpaka nikasahau muthokoi ya kwetu."

Kutoka Doha, Gatimu aliuliza nani huyo anayeongea. "Ni mtu wa foleni," Wakiuru akamwambia. "Anasema nisikusikize." Gatimu akataka apewe simu. Kwa dakika kumi wanaume wawili ambao hawakuwa wamewahi kuonana walizungumza kama walionyonya titi moja, mpaka Wakiuru akafika dirishani, akapokea boksi lake la chanjo za kuku, akasimama kando akingoja arudishiwe simu yake mwenyewe.

"Kaka yako anasema nikuje kesho baada ya kanisa," Kioko akasema akimpa.

"Kaka yangu ndiye atakupikia?"

"Anasema wewe unapika vibaya, nile kwanza kwetu."

Hapo ndipo Wakiuru alipocheka, na waliomwona siku hiyo wanasema hawakuwa wamemwona akicheka tangu mazishi.

Mazishi hayo yalikuwa ya mama yake, Mwalimu Magdaline, aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja na kufa mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia. Kansa ya koo. Madaktari walikuwa wameondoa sanduku la sauti ili wamwokoe, na kwa miezi minne ya mwisho alizungumza kwa kuandika katika daftari la mraba. Ugonjwa ukachukua hata maandishi hayo.

Nyumba yao Ruring'u haikuwahi kuwa tupu tangu siku hiyo. Alikuwepo Mzee Wambugu, baba yake Wakiuru, mwenye kifua kibovu. Alikuwepo Phyllis, dadake Mzee, ambaye wote walimwita Tata, yaani shangazi, aliyekuja kwa matanga akasahau kurudi kwake Mukurweini. Wageni waliingia na kutoka, na chai haikushuka jikoni. Na ndani ya stoo, kati ya magunia ya mahindi na jembe, ilikaa seva ya Gatimu: sanduku jeusi lenye taa mbili za kijani, lililohifadhi picha za familia, video za harusi za binamu, na kamera ya getini. Gatimu aliiunda kabla ya kwenda ng'ambo. Ilikuwa na diski mbili, na kila kitu kiliandikwa katika zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kumbukumbu nzima.

Ugonjwa wa kwanza Kioko aliuona kwa nusu saa. Kamera ya getini ilikuwa imerekodi usiku na mchana bila kuambiwa ifute za zamani.

"Uko na miezi kumi na minne ya mbwa wa jirani," alisema, amechuchumaa stooni, Wakiuru akimshikia tochi. "Anapita. Anarudi. Anakojoa kwa geti. Anapita."

"Huyo mbwa ameandikwa kuliko rais."

"Nitaiambia iweke wiki mbili tu. Nikubakishie kidogo ya ukumbusho?"

"Niwekee ile anakojoa."

Wiki iliyofuata seva bado ilidai imejaa, kwa kuwa vilivyofutwa vilikuwa vimekaa kwenye pipa la taka badala ya kutoka. Kioko akaja tena. Jumamosi nyingine seva ikawa polepole kupita kiasi. Panya alikuwa amelegeza waya. Jumamosi iliyofuata haikuwa na neno lolote, na Kioko akaja hivyo hivyo, amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama.

"Kwani hii mashine huugua Jumamosi peke yake?" Phyllis akauliza akiwa mlangoni, kikombe mkononi. Phyllis alijua habari za Nyeri nzima kabla hazijatokea.

"Ni kuikagua tu, Tata."

"Ikague. Lakini niliona unaikagua huku unaangalia huyu msichana."

Baada ya hapo simu zikaanza. Kioko alimpigia akiwa dukani, katikati ya mteja wa minyoo na mteja wa kupe.

"Daktari wa ng'ombe, umekula?"

"Nimekula. Fundi wa mbwa, wewe?"

"Mimi siwezi kula nikikufikiria."

"Basi utakufa na njaa, maana mimi nakufikiria na chapati nakula."

Walitembea Jumapili jioni wakipita uwanja, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakakalia ukuta. Siku moja ya mwezi wa sita, alipokuwa akipanga vitu ndani ya seva, Kioko alikuta folda iliyoitwa MWALIMU, akamwuliza. Wakiuru akazima tochi kwanza, kama aliyetaka giza limsaidie kusema.

"Kabla ya operesheni, mum alijirekodi kwa simu. Sauti yake. Sijui ziko ngapi. Simu ilijaa, Gatimu akazihamisha hapa, simu ikapewa binamu. Sauti yake haiko mahali pengine duniani, Kioko."

"Na husikizi?"

"Aliandika kwa daftari, ya ruracio, siku ya mahari, nisifungue mapema. Mpaka siku wazee wa mtu watakuja hapa na mbuzi zao. Anataka kuongea siku hiyo, kama mama wengine."

"Wazee wa mtu gani?"

"Sijui. Kwani wewe unajua wazee wowote?"

Kioko alijifanya kuhesabu kwa vidole. "Niko na watatu Kitui. Mmoja hasikii vizuri, lakini mbuzi anajua."

Alimbusu hapo stooni, juu ya magunia. Siku ile yule binti wa mwalimu aliamini kwamba kulikuwa na mlango mmoja tu kati yake na sauti ya mama yake, na kwamba mtu wa kuufungua alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba.

Taa moja ya kijani iligeuka nyekundu Jumanne, wiki ya pili ya Julai.

Julai ya Nyeri ni baridi ya kuingia mifupani. Jua halionekani siku tano, mlima unajificha, na watu wanaongea huku pumzi zao zikionekana. Kioko alifika Alhamisi na laptopu, akasoma ripoti ya seva mara mbili, na safari hii hakutania.

"Diski moja imekufa. Hiyo si shida, tunaweka mpya. Shida ni hii imebaki. Ni ya umri mmoja na ile, na iko na madoa, mahali haisomeki. Sasa kila kitu iko juu yake peke yake."

"Unaweza?"

"Naweza. Nanakili kwanza vya maana kwa diski yangu ya nje. Halafu naweka mpya, inaanza kujijaza kutoka kwa hii ya zamani. Itachukua siku mbili hivi, na isizimwe. Kabisa. Diski mzee ikikimbia, inakimbia. Ikisimama ikapoa, pengine haiamki."

Wakiuru aliketi karibu naye akitazama majina yakipita kwenye kioo. Harusi ya Nduta. Picha za Krismasi. Kamera ya geti. Majina yalipokaribia herufi ya M, mkono wake ukamshika bega.

"Ile ya mum usiguse."

Kunakili si kufungua. Faili hunakiliwa kama barua inavyohamishwa kutoka droo hii hadi ile, bahasha imefungwa. Kioko alijua hivyo tangu siku ya kwanza ya ufundi wake, na maneno yalikuwa kwenye ulimi. Lakini ule mkono ulikuwa begani mwake, naye alitaka sana kuwa mtu ambaye akiambiwa usiguse, hagusi.

"Sitaigusa," akasema. Akajiambia kwamba ile diski mpya itaibeba pamoja na zingine.

Ijumaa saa kumi jioni kazi ya kujaza ikaanza.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ibada ya mwaka mmoja wa Mwalimu Magdaline. Hema lilisimamishwa uani, viti mia vya plastiki, pasta, kwaya ya akina mama waliovaa leso za zambarau. Kuni zilikuwa zimelowa, basi chai ikachemshwa kwa tanki kubwa la umeme. Mzee Wambugu alikuwa anakohoa, basi hita ikawashwa chumbani mwake tangu alfajiri. Vipaza sauti navyo vikachomekwa. Wakiuru alivaa gauni jeusi na koti la sufu la kijivu, akakimbia kutoka hema hadi jikoni, na simu akaiacha mezani karibu na sufuria za mukimo.

Saa tatu simu ililia. Phyllis akaipokea, mikono ina unga.

"Tata, ni Kioko. Niko Kiganjo, nafika saa sita. Mwambie Kiuru aangalie tokeni za stima, tafadhali. Ziko ngapi?"

"Ziko nyingi, mwanangu. Kuja ule," Phyllis akasema, akakata. Hakuwa ameangalia. Alidhani kijana anajali chai.

Saa tano kasorobo, katikati ya ubeti wa tatu, vipaza sauti vikanyamaza. Kwaya iliendelea kidogo kwa sauti zake yenyewe, nyembamba katika ukungu. Wakiuru akaganda na trei ya chapati. Halafu akakimbia stooni.

Taa zote mbili zilikuwa zimezimika.

Tokeni, ule umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zimeisha; zikanunuliwa kwa simu mara moja. Lakini kile kifaa cha kubonyezea namba, ambacho Phyllis alikitupa kabatini kwa sababu ya kulia lia kwake tokeni zikipungua, betri zake zilikuwa zimeoza. Mtu akatumwa dukani. Akaleta kubwa. Akarudi tena. Ilipita saa moja na robo, na sakafu ya stoo ilikuwa ya saruji tupu, baridi kama kaburi lenyewe.

Stima iliporudi, Kioko alikuwa anaingia getini. Alisikia kabla hajaona. Ndani ya sanduku jeusi kitu kiligonga, tik, tik, tik, kikanyamaza, kikaanza tena. Akaruka akachomoa waya.

"Kwa nini unazima?" Wakiuru akauliza.

"Inajikwaruza. Kila ikigonga inakwaruza."

"Hiyo ingine ilikuwa imefika wapi?"

"Nilikuwa naifuatilia kwa simu. Asilimia thelathini. Ilikuwa inatambaa, ikifika kwa madoa inakwama."

Wakiuru aliweka trei juu ya gunia. Akachukua ile diski ya nje ya Kioko, akaichomeka kwenye laptopu kwa mikono yake mwenyewe, akashuka na majina. Harusi ya Nduta ipo. Krismasi zipo. Kamera ya geti ipo. Akashuka mpaka mwisho, akapanda tena, akashuka.

"Mbwa wa jirani yuko," alisema polepole. "Mum hayuko."

"Kiuru."

"Umeokoa mbwa."

"Uliniambia nisiguse."

"Nilisema usifungue."

"Ulisema nisiguse, Kiuru. Nikakusikia."

Nje, pasta alikuwa akimshukuru Mungu kwa maisha ya Mwalimu na kwa kurudi kwa umeme. Wakiuru alimtazama yule mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi kana kwamba alikuwa mgeni aliyepotea nyumba.

"Toa hivyo vyuma vyako humo," alisema. "Vyote viwili. Enda navyo. Na usirudi hapa kwetu."

Akaenda navyo, amevifunga kwa sweta yake, akipita kando ya hema mbele ya watu mia.

Nyeri si mji wa kuficha kitu. Kufikia Jumatatu, wateja wa duka la dawa za mifugo walikuwa wanauliza bei ya chumvi ya ng'ombe huku macho yakimpekua Wakiuru. Kikundi cha akina mama kilisema Mkamba amemzika Mwalimu mara ya pili. Wengine walisema alifuta makusudi, ati alikuwa na mke Kitui. Phyllis, ambaye kwa kawaida angeongeza chumvi yake, alikuwa kimya, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kioko alipiga simu mara kumi na moja. Wakiuru aliziangalia zikilia. Ya kumi na mbili haikuja, ila ujumbe mmoja: diski amezipeleka Nairobi, kwa watu wa kuokoa vilivyopotea.

Baba yake alimwuliza kila jioni, kikohozi kikiwa kimempa nafasi, "Yule kijana amesema nini?"

"Hajasema kitu, Baba."

"Mm." Na baada ya muda: "Mimi nilikuwa nangoja hiyo siku pia. Nilitaka kusikia akinigombeza."

Agosti ikapita. Mahindi ya stooni yakaliwa, magunia yakapungua, na pale seva ilipokaa likabaki umbo la mraba lisilo na vumbi.

Phyllis alisema Jumapili ya pili ya Septemba, wakichambua maharagwe kwenye ungo.

"Kiuru, iko kitu nimekalia."

"Kitu gani?"

"Ile siku. Huyo kijana alipiga simu asubuhi. Yako. Aliniambia ukaangalie tokeni. Nikamwambia ziko nyingi." Aliendelea kuchambua, haraka haraka, akitupa mazuri na mabaya pamoja. "Sikuangalia. Na kile kifaa cha kulia ni mimi nilikitupa kabati."

Wakiuru aliweka ungo chini. Chumbani Mzee Wambugu alikohoa mara mbili.

"Kwa nini yeye hakusema?"

"Nilimpata sokoni wiki ile. Nikamshika mkono, nikamwomba asinitaje, wewe ungenifukuza. Akaniambia, 'Tata, usijali. Fundi ni mimi. Ilikuwa kazi yangu kunakili.'"

"Na ukaacha watu waseme ako na bibi Kitui."

"Hiyo si mimi nilianza," Phyllis akasema, na hapo akalia, mzee mzima, machozi yakidondokea maharagwe. "Nilisikia tu."

Wakiuru alitoka uani na simu. Ililia mara nne.

"Halo." Nyuma yake ulisikika upepo.

"Uko wapi?"

"Timau. Shamba la maua, naweka kamera. Kiuru?"

"Tata ameniambia. Nairobi walikupa jibu?"

"Walinipa."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Na ukalikalia?"

"Sikujua nililete na uso gani."

"Leta na huo uko nao," Wakiuru akasema, kisha akaghairi. "Hapana. Kaa hapo. Kesho nakuja mimi."

Timau ni upepo na ngano. Walikutana katika mkahawa wenye meza nne na mtungi wa gesi uliokuwa unavuja harufu, barabarani malori ya maua yakipita. Wakiuru alivaa koti la sufu la kijivu na kitambaa chekundu kichwani. Kioko alikuwa amekonda. Sweta ya kijani ilimning'inia, ndevu zimeota bila mpango.

"Umekuwa kama mti wa mwezi wa pili, hauna jani," Wakiuru alimwambia.

"Na wewe umekuwa mrembo. Si haki."

"Usinichekeshe. Bado nimekasirika."

"Sawa."

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Kabla sijakuonyesha," Kioko akasema, "nikuambie kitu. Siku ile ulisema nisiguse, nilijua. Nilijua naweza kunakili bila kufungua. Ningekuambia, ungekubali. Sikusema, kwa sababu ulikuwa umenishika bega, na nilitaka unione mtu wa kutii. Tokeni ni tokeni. Lakini hiyo ni mimi."

Wakiuru alizungusha kikombe.

"Mimi pia nikuambie. Mum alisema ya ruracio tu ndio nisifungue. Zingine hakukataza. Ningesikiza mwaka mzima. Sikuwa natii, Kioko. Nilikuwa naogopa. Nilifunga folda yote, hata majina sijawahi angalia, halafu nikasema ni mum amekataza. Na siku ile, ningekuambia hivyo, ungenakili."

Lori likapita, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Haya," alisema. "Wamepata nini?"

Kioko alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa.

"Ile ya zamani imekwisha. Imekwaruzika kote. Ile mpya ilikuwa imeshika asilimia thelathini, nilikuambia. Orodha ya vitu hukaa mbele, na vitu vyenyewe vinakaa nyuma. Kwa hivyo orodha ilivuka. Sauti hazikuvuka. Hata moja, Kiuru. Walijaribu mara tatu. Ziko majina na urefu wa dakika. Ndani ni sufuri tupu."

Wakiuru aliipokea karatasi, lakini herufi zilikataa kukaa mahali pamoja. Akairudisha mezani.

"Nisomee."

"Mimi?"

"Siwezi ona. Nisomee."

Kioko akasoma, kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la tatu.

"'Kiuru akipata kazi mpya.' Dakika nne. 'Kiuru wakinuniana na baba yake.' Dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Wakiuru akasema, na kitu kama kicheko kikamtoka.

"'Gatimu akirudi nyumbani.' Tatu. 'Kiuru siku ya ruracio.' Tisa. 'Kiuru akijifungua wa kwanza.' Saba. 'Jinsi ya kupika mukimo usiwe maji, maana Kiuru hasikii.' Sita." Alinyamaza.

"Imeisha?"

"Iko moja."

"Soma."

"'Kiuru asipoolewa ni sawa pia.' Dakika ishirini na mbili."

Ilikuwa ndefu kuliko zote. Dakika ishirini na mbili, za mwanamke mwenye koo linalouma, ameketi peke yake chumbani na simu iliyokaribia kujaa. Wakiuru aliegemea meza akalia bila kujificha. Mwenye mkahawa akazima redio. Kioko hakumgusa mpaka Wakiuru alipounyosha mkono wake mwenyewe, akautafuta wa Kioko kando ya kikombe, akaushika.

"Angesema nini dakika ishirini na mbili?" aliuliza baadaye.

"Sijui."

"Na mimi sitajua."

"Hutajua. Ningeweza kukudanganya, ningekudanganya."

Akajifuta uso kwa kitambaa chekundu. Chai ilikuwa imeshika utando juu.

"Wale wazee wako watatu," alisema.

"Wako wawili. Yule hasikii alifariki mwezi uliopita."

"Pole, jamani."

"Asante."

"Hao wawili. Mwezi wa kumi na mbili, baba akiwa na nguvu. Hakuna kitu ya kungoja kufunguliwa tena, watakuja tu wakute watu. Na ukiona hutaki, ni sawa pia."

"Nataka," Kioko akasema. "Tangu foleni."

Kioko alimsindikiza mpaka barabarani. Upepo wa mlima ulipiga ngano upande mmoja, ukaiachilia, ukaipiga tena. Wakiuru alikuwa amekunja ile karatasi ndani ya koti, upande wa ndani. Njia nzima kurudi Nyeri alijaribu kuyasikia yale majina saba kwa sauti ya mama yake, moja moja, toka la kwanza. Alikumbuka mwandiko. Alikumbuka alivyokunja mdomo akiandika. Sauti haikuja. Kila alipoanza, maneno yalikuja kwa sauti ya Kioko, na lafudhi yake ya Kiganjo, na ule mstari wa mwisho alivyonyamaza kabla ya kuusoma. Hakujua kama amepewa kitu au amenyang'anywa. Alirudia tena toka la kwanza.